Akaamuru Apewe Chakula

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Sura ya 5 ya Injili ya Marko inamalizika kwa agizo ambalo mahubiri mengi huliruka. Binti wa Yairo amefufuka. Wazazi wamepigwa na butwaa, Petro, Yakobo na Yohane wapo wanatazama, na Marko anatutajia umri wa msichana: miaka 12. Yesu anaagiza mambo mawili tu. Kwanza, habari hizo zisitangazwe. Pili, mtoto apewe chakula. Hakuagiza mkesha wala mfungo wa shukrani. Katika chumba kile kilichojaa mshangao, aliyekumbuka kwamba mtoto ana tumbo ni Bwana peke yake.

Nataka tuzungumzie magonjwa ya ulaji, na nimeuchukua mstari huo juma hili kwa sababu ya umri ule. Miaka 12 ndipo mwili wa msichana unapobadilika na macho ya watu yanapoanza kumwandama. Kwetu ndio umri wa kuelekea Kipaimara. Anapelekwa kwa fundi kupimwa gauni jeupe. Fundi anazungusha futi kiunoni, anataja namba kwa sauti ili msaidizi aandike, kisha anamgeukia mama: "Huyu anajaa haraka, niache nafasi au atapungua?" Shangazi aliyekaa kwenye benchi anacheka. Mama naye anacheka, kwa adabu tu. Mtoto hacheki. Jioni sufuria inapoepuliwa anasema ameshiba, amekula kwa rafiki yake.

Sisi tuna ndimi zisizolala linapokuja suala la miili ya watu. Mwanamke akinenepa kidogo, ndoa imemkubali; akizidi, ni bonge. Akikonda anaulizwa anaumwa nini, na sisi tulioishi ile miaka migumu ya ukimwi tunajua swali hilo lilibeba nini. Matokeo yake, katika benchi moja la kanisa utakuta mmoja anakunywa chai ya kukata tumbo, wa pili kanunua dawa ya kuongeza makalio, wa tatu anajipaka mkorogo. Wavulana hawajasalimika: anayeitwa kimbaumbau anabeba vyuma hadi anazimia, na tunamsifu kwa mazoezi.

Wengi hawaishii kwenye ugonjwa. Lakini wapo wanaofika huko. Yuko anayejinyima hadi mifupa inatokeza na bado kwenye kioo anamwona mtu mnene. Madaktari wanaita anoreksia. Yuko anayekula chakula kingi kwa siri kisha anajitapisha kwa aibu. Hiyo ni bulimia, na kwa kuwa uzito wake mara nyingi ni wa kawaida, anaweza kukaa nayo miaka mingi nyumbani bila mtu kujua. Na yuko anayekula kupita kiasi asiweze kujizuia, bila kujitapisha, akibaki na majuto tu.

Najua kuna atakayesema haya ni magonjwa ya Wazungu. Visiwa vya Fiji, katika Pasifiki, walikuwa na mazoea kama yetu: mwili mkubwa ni heshima, mgeni analishwa hadi akome mwenyewe. Televisheni ilifika katika wilaya moja ya huko mwaka 1995. Mwaka huo watafiti waliwauliza wasichana wa shule, na hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Walipouliza tena mwaka 1998, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo. Ilitosha miaka mitatu ya televisheni, nao hawakuwa na simu mkononi.

Lakini lililonisukuma kuandika liko ndani ya Kanisa. Binti anayekataa chakula bila sababu ataulizwa maswali. Binti huyohuyo akisema "nafunga", maswali yanakoma na sifa zinaanza. Katekista anamtolea mfano. Mama anawaambia wenzake wa jumuiya. Nasi tuna mifungo ya kutosha, Kwaresima, novena, na sasa hata hii ya siku 21 tunayoazima kwa jirani zetu Wapentekoste, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kuzunguka mwaka mzima bila kugundulika.

Tuna hata mtakatifu wa kututafakarisha. Katarina wa Siena alizaliwa mwaka 1347 katika familia ya watoto zaidi ya ishirini. Dada yake Bonaventura alifariki akijifungua, na wazazi wakazidi kumsukuma Katarina aolewe. Alikata nywele zake, akapunguza chakula. Miaka ilivyokwenda ukabaki mkate, mboga mbichi na maji. Baadaye hata mkate ukamshinda. Watu wa mji wakagawanyika, hawa wakisema ni malaika, wale wakisema ni mdanganyifu au ana pepo. Padre wake alimwamuru ale. Alijaribu, akaumia zaidi. Alipolaumiwa na mtu mmoja wa Florence, alimjibu kwa barua kwamba hilo la kutokula ni udhaifu, na kwamba amemwomba Mungu na anazidi kumwomba amjalie aishi kama viumbe wengine. Alifariki Roma tarehe 29 Aprili 1380, akiwa na miaka 33. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Wanahistoria wanabishana kama hiyo ilikuwa anoreksia tunayoijua leo, nami siwezi kumpima mgonjwa wa karne ya 14. Ninachokiona ni kwamba yeye mwenyewe hakukuita kutokula huko utakatifu. Alisema anaomba apone. Na alipowaandikia wengine waliojitesa kwa toba, aliwavuta nyuma: mwanamke mmoja alimwambia asifunge ila siku zilizoamriwa na Kanisa, nazo akiweza. Katika kitabu chake cha mazungumzo na Mungu, toba ni chombo cha kutumia kufikia fadhila, si fadhila yenyewe. Tukimtaja Katarina kwa mabinti zetu, tuwasomee na hayo. Mara nyingi tunawasomea ule mkate na maji tu, basi.

Kwa nini hakuweza kula hata alipotaka? Swali hili linawatesa wazazi wengi, maana machoni pao mtoto ni mkaidi. Mwishoni mwa mwaka 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilichukua wanaume 36 wenye afya njema waliokataa kubeba silaha, wengi wao kwa sababu ya imani yao. Walijitolea wapunguziwe chakula kwa karibu nusu mwaka ili madaktari wajifunze namna ya kuwahudumia waliokumbwa na njaa kwenye vita. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Vijana hao wapole wakawa wakali, wakajitenga na wenzao, wakalamba sahani, wakashinda wanasoma vitabu vya mapishi. Chakula kiliporudi, baadhi walikula hadi wakaugua na bado wakahisi njaa. Hawakuwa na shida yoyote ya kioo. Njaa yenyewe iligeuza akili zao. Kwa hiyo mtoto akishazama humo, kumwambia "kula tu, acha visa" ni kumdai nguvu ambazo ugonjwa umeshazichukua.

Ukiwa mzazi, tazama. Binti anasikia baridi wakati wengine wanajipepea. Nywele zinakatika, hedhi imepotea miezi kadhaa, kila baada ya kula anakwenda chooni na kufungulia bomba. Anapenda kupika na kupakulia wengine, ila sahani yake haionekani. Nguo zake zimekuwa pana na za mikono mirefu. Si lazima awe mwembamba. Anayejitapisha mara kwa mara hupoteza potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama ghafla akiwa na sura ya mtu mzima wa afya.

Mwite faraghani, useme ulichokiona, bila kutaja unene wala wembamba. "Mwanangu, naona huli nasi, na naogopa" inatosha kwa siku ya kwanza. Kisha hospitali. Aliyekaa na njaa muda mrefu usimkalie na sinia la ubwabwa akimalize siku hiyohiyo, kwa sababu mwili uliodhoofika ukijazwa chakula ghafla, chumvi za damu zinaweza kuvurugika hadi kuua. Daktari ndiye wa kupanga aanze na kiasi gani. Hospitali za rufaa zina vitengo vya afya ya akili, na huko si kwa vichaa kama mtaa unavyosema. Kwa vijana, tiba mojawapo iliyothibitika ni wazazi wenyewe kushika usukani wa milo, wakiongozwa na mtaalamu: kukaa naye mezani, kila mlo, kwa miezi, bila ugomvi. Ni kazi ya kuchosha. Jumuiya inaweza kusaidia hapo kuliko mahali pengine popote, kwa kumpokea mama huyo zamu ya kuangalia watoto wadogo, badala ya kumletea mafuta ya upako na maneno kwamba binti ana pepo wa njaa. Sala iwepo, na daktari awepo.

Hana, mke wa Elkana, naye alilia na kuacha kula, kwa sababu Penina, mke mwenzake, alimchokoza kuhusu mwili wake usiozaa, mwaka baada ya mwaka, tena wakati wa kwenda hekaluni. Mnaweza kuisoma katika 1 Samweli sura ya 1 mkikutana juma hili. Angalieni kwamba uchokozi ulifanyika safarini kwenda kusali, na Eli, kuhani, alipomwona alidhani amelewa.

La mwisho ni la sheria, maana wengi hawalijui. Kanuni ya 1252 ya Sheria ya Kanisa inawabana kufunga waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60. Kujinyima nyama kunaanza mtu akitimiza 14. Mtoto wa miaka 12 au 15 hadaiwi mfungo, hata Jumatano ya Majivu, hata Ijumaa Kuu, na mgonjwa hadaiwi katika umri wowote. Mwenye umri wa kufunga anayetibiwa ugonjwa wa ulaji aende kwa paroko wake kabla ya Kwaresima, aseme wazi. Kwa kanuni ya 1245 paroko anaweza kumbadilishia toba hiyo kwa tendo lingine la ibada, iwe Njia ya Msalaba au kumtembelea mgonjwa, na siku hiyo anakula mlo wake wa mchana kama alivyopangiwa na daktari.