Jina lililo kwenye pakiti ya P2

Jumapili, saa tatu usiku

Wateja wa P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya kujamiiana, huja kwa mafungu, na fungu kubwa ni la Jumapili asubuhi. Nauza dawa huku Umoja, na nimeshazijua dalili. Kijana anaingia, anajifanya anatazama dawa za meno, anangoja mama mwenye mtoto wa kikohozi ahudumiwe atoke, ndipo anasogea kaunta. "Daktari, nisaidie na P2." Mimi si daktari, ila Nairobi kila aliyevaa koti jeupe nyuma ya kaunta ni daktari. Nikimuuliza ni saa ngapi zimepita, ananijibu kama anaungama kwa padri.

Mchana mvua ilinyesha, wateja wakakatika. Nikachukua pakiti ya Postinor-2, ndiyo P2 yenyewe, na kusoma yale maandishi madogo ambayo mnunuzi hana haja nayo: Gedeon Richter, Budapest. Jioni nzima nimekuwa nikisoma habari zake.

Richter alikuwa mfamasia. Mwaka 1901 alinunua duka la dawa mjini Budapest, Hungaria, lililoitwa Tai, na mwaka 1907 akajenga kiwanda kitongoji cha Kőbánya. Malighafi yake ya mwanzo ilikuwa tezi za wanyama: alizikamua zikatoa dawa, enzi ambazo homoni zilikuwa jambo geni hata kwa madaktari wenyewe. Napenda sana kwamba alianzia kaunta. Sisi wa kaunta hatutajwi mahali.

Alikuwa Myahudi. Sheria za kuwabagua Wayahudi zilipoingia Hungaria, alinyang'anywa uongozi wa kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Tarehe 30 Desemba 1944, wanamgambo wa Arrow Cross, chama cha kifashisti cha Hungaria, walimchukua pamoja na wengine hadi ukingo wa mto Danube, wakawapiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 72. Leo ukingoni hapo pana viatu vya chuma, jozi 60, vya kuwakumbuka wote waliouawa namna hiyo. Mwaka 1948 serikali ya kikomunisti ikataifisha kiwanda. Mwenyewe hayupo, mali si ya familia tena, lakini jina lake limefika hadi rafu yangu.

Chini ya serikali hiyo ndiyo vidonge vya uzazi wa mpango vilianza. Cha kwanza, Infecundin, kilitoka miaka ya 1960. Postinor ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1970, na hapa nilicheka peke yangu: mwanzoni ilikusudiwa wanawake wasiokutana na wanaume mara kwa mara, wameze kila inapotokea. Yaani wasichana wangu wa kila wikendi, ninaowagombeza bila kuchoka, wamerudia wazo la zamani bila kuambiwa na mtu. Nitaendelea kuwagombeza. Ukiitegemea mwaka mzima, uwezekano wa kushika mimba unajumlishana, na hedhi inavurugika hadi hujui tarehe zako. Kuna sindano, kuna kijiti cha mkononi, kuna koili. Na hakuna hata kimoja kinachozuia Ukimwi isipokuwa kondomu.

Kilichoipa P2 heshima duniani ni utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1998. Ikimezwa ndani ya saa 24, ilizuia asilimia 95 ya mimba zilizotarajiwa. Siku ya pili, 85. Siku ya tatu, 58. Dawa yenyewe huchelewesha yai kutoka, basi. Yai likishatoka, umechelewa, na mimba iliyokwisha kutunga haiitoi, hata jirani aseme nini. Kwa hiyo ninapouliza saa, kijana, siyo umbeya. Nahesabu.

Ukomunisti ulipoanguka, kampuni iliingia soko la hisa la Budapest mwaka 1994. Mwaka 2010 ikanunua kampuni ya Uswisi, PregLem, iliyokuwa na dawa ya faibroidi (uvimbe wa kwenye mfuko wa uzazi), Esmya. Hii ndiyo sehemu iliyoniuma. Dawa iliruhusiwa Ulaya mwaka 2012, kisha ikaonekana baadhi ya wanawake wanaharibika ini, wachache wakahitaji kupandikizwa ini jingine. Kufikia 2020 wasimamizi wa dawa huko walikuwa wameibana mno. Walifanya sawa, sibishi. Lakini faibroidi huwapata wanawake weusi zaidi na mapema zaidi, na dawa za kumeza za ugonjwa huu ni za kuhesabu. Mama mmoja mteja wangu anangoja upasuaji. Kila mwezi huja kununua vidonge vya kuongeza damu na dawa ya maumivu, na yeye haombi kwa kunong'ona. Anaita kutoka mlangoni: "Daktari, zile zangu!"