Ng'ombe waliolia njia nzima

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwezi uliopita nilikaa siku nne kwa mjomba wangu, mchungaji wa ng'ombe kwenye ranchi moja huko Kongwa, Dodoma. Ndiko kule Waingereza walikotaka kulima karanga kuanzia 1947, zikawashinda. Nyasi hazikumshinda mtu, na leo zinaliwa na ng'ombe wa Borani.

Nilikuta wanaachisha ndama kunyonya. Ndama hufungiwa zizi la mbali, mama zao hubaki malishoni, na usiku halali mtu. Ng'ombe hulia siku mbili, tatu, mpaka sauti zinakauka. Hilo nililitegemea. Ila alfajiri jike mmoja mwekundu alipenya uzio, nikasema huyu moja kwa moja zizini, maana hata mimi nilikuwa nawasikia ndama. Hakwenda. Alikata kushoto mpaka chini ya mgunga mmoja, akanusa nyasi zilizolaliwa, akasimama pale akiita, kiwele kimejaa hadi kinadondosha maziwa.

"Mjomba, huyu mbona kapotea?"

"Hajapotea. Hapo ndipo alipomnyonyesha mara ya mwisho. Wakipoteana, mama hurudi hapo, na mtoto naye akiweza hurudi hapo hapo. Mwache kwanza."

Nikakumbuka 1 Samweli 6, sura niliyokuwa naipita haraka. Sanduku la Bwana, lile la agano lililotekwa kutoka kwa Waisraeli, limekaa kwa adui zao Wafilisti miezi saba, majipu yamewachosha, wanataka kulirudisha. Waaguzi wao wanaweka mtihani: gari jipya, ng'ombe wawili wanaonyonyesha, ambao hawajawahi kufungwa nira, na ndama wao wafungiwe nyumbani. Wakielekea Beth-shemeshi, mji wa Waisraeli, basi ni mkono wa Bwana. La sivyo, ni bahati tu.

Wale waaguzi walijua ng'ombe. Aliyewahi kufundisha maksai kulima anajua siku ya kwanza ikoje: mmoja anavuta huku, mwenzake analala chini, jembe linabaki linaangalia juu. Hapo hujaweka ndama analia nyuma. Kila kitu kilipangwa ili wageuke, na hawakugeuka, kulia wala kushoto. Walishika barabara hadi shamba la Yoshua Mbeth-shemeshi, watu wakiwa bondeni wanavuna ngano.

Lakini mwandishi ametuachia neno moja ambalo sikuwa nimelitazama: walikwenda huku wakilia. Mungu aliyewaongoza miguu hakuwanyamazisha midomo. Maziwa yaliendelea kuwauma.

Wapendwa, sisi tunapenda utii uliofutwa machozi. Kuna dada mmoja alisimama kushukuru kanisani, amepata ajira ya ualimu mbali, anamwacha mtoto wa miezi minane kwa bibi. Katikati ya ushuhuda akashindwa kuongea. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Usilie dada, mtu wa imani halii!" Tukapiga makofi. Nami nilipiga, na bado naona aibu. Dada yule alikuwa ameshakata tiketi ya basi. Alikuwa anakwenda. Tulitaka nini zaidi?

Mwisho wa safari ya wale ng'ombe ni mgumu kwangu, sitawaficha. Watu walipasua mbao za gari, wakawatoa ng'ombe wenyewe sadaka ya kuteketezwa. Nimesikia wahubiri wakipamba mahali hapo. Mimi sina cha kupamba. Wiki hii tusome sura hiyo polepole, mstari wa 1 hadi wa 16, na tukifika kwenye kile kilio tusikiruke.

Jioni ile nilimsomea mjomba yote, amekaa kwenye kigoda anakunywa uji. Nje yule jike mwekundu alikuwa bado anaita, sauti imeshakuwa ya kukwaruza. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Na wale ndama," akauliza, "waliofungiwa, nani aliwafungulia?"