Sabuni ya mche kwenye vigingi vya erhu

Mwaka 2016 nilikuwa Tianjin, kaskazini mwa China, mwaka wangu wa pili wa skolashipu, na nilikuwa na erhu ya mtumba niliyouziwa yuani 300 na dada mmoja Mkorea aliyekuwa anarudi kwao. Kwa asiyeijua, ni kama fidla ila ina nyuzi mbili tu, shingo ndefu kama mpini wa fagio, chini ina kisanduku cha mbao kilichowambwa ngozi ya chatu, na singa za upinde zinapita katikati ya zile nyuzi mbili kwahiyo upinde hautoki, unaishi humohumo. Unakaa, unaisimamisha kwenye paja la kushoto. Huku juu ndo kuna vigingi viwili vya mbao vya kukazia nyuzi, cha juu cha uzi wa ndani unaotyuniwa noti ya D, cha chini cha uzi wa nje, A. Zipo zenye gia za shaba lakini yangu haikuwa nayo, ilikuwa mbao imeshika mbao, basi.

Tangu Septemba ilikuwa inakaa vizuri tu. Novemba pale Tianjin ndo wanafungua joto la majengo, yale mabomba ya ukutani yanachemka mpaka Machi, na hewa ya chumbani inakauka vibaya mno, midomo inapasuka, ukigusa kitasa cha mlango unapigwa shoti. Kama mwezi hivi baada ya hapo nikawa nakaza uzi wa nje, nafika A, naachia mkono, trrrrr, kigingi kinarudi chenyewe uzi unalegea kama kamba ya nguo. Nakaza tena, trrrrr. Mwenzangu wa chumbani alikuwa Mpakistani anasoma udaktari, akaniambia tia supagluu tukalale. Nashukuru Mungu sikumsikiliza.

Nikampigia ami yangu Unguja. Ami kapiga fidla na udi kwenye taarab toka kabla sijazaliwa, na WeChat, ile app ya kuchati ya Wachina, hana, kwahiyo ilibidi nisubiri mtandao ukubali ndo nimpate WhatsApp. Sauti inakatika katika, namwambia ami shikamoo, kigingi kinanisumbua, hakikai. Akasema "marahaba mwanangu, hilo dogo, paka sabuni ya mche kidogo ukirudishe", simu ikakata.

Sabuni nilikuwa nayo. Nikachomoa kigingi nikakipaka vizuri, alafu nikasema kwanini nisimalize kazi kabisa, nikapaka na cha juu ambacho hata hakikuwa na tatizo.

Sa hebu fikiria. Unguja kuna unyevu, masika mbao inavimba, vigingi vya udi vinanata mpaka unavigeuza kwa kitambaa, na sabuni pale ni dawa kwelikweli. Ami alisikia "kigingi kinanisumbua" akajua kimenata, manake maisha yake yote kigingi kikisumbua ni kwamba kimenata. Mi nina tatizo la upande wa pili kabisa na nimeshakipaka mafuta, yaani ile trrrrr ikawa haina hata sauti tena, kinateleza kimyakimya.

Na wiki inayofuata kulikuwa na sherehe ya mwaka mpya ya wanafunzi wa kigeni, jina langu limeshabandikwa.

Siku yenyewe asubuhi nikapanda basi mpaka kwenye vile viduka vya ala karibu na chuo cha muziki. Fundi mzee, ameshona miwani kwa uzi, nikamsalimia "shifu", ndo wanavyomwita mtu mwenye ufundi wake. Akashika kigingi akakinusa. Akaniangalia. Akakinusa tena alafu akamwita mkewe atoke nyuma naye aje anuse, wakacheka wote wawili mi nimesimama na koti langu.

Alipomaliza kucheka akakifuta kwa spiriti, na tundu lake pia. Kisha akanionyesha kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona: kigingi ni chembamba mbele kinene nyuma, na upande mnene kulikuwa na pete inayong'aa, ule mwembamba umefifia, maana yake mbao ilivyosinyaa ikawa inashika sehemu moja tu. Akapitisha msasa laini pale panapong'aa, kidogo sana, akajaribu, akatoa, akapitisha tena, mpaka pote pakawa panagusa sawa. Mwisho akachukua chaki, chaki hii hii ya ubaoni, akapaka, na alipokaza uzi hakuzungusha tu kama mimi, mkono mmoja ameshikilia shingo kwa mbele na mwingine anazungusha huku anasukuma kigingi kiingie ndani. Akaachia. Kimya, kimekaa. Akaniambia chumbani niwe natundika taulo bichi kwenye bomba la joto.

Akauliza na hiki cha juu? Kichina changu wakati ule kilikuwa cha kununulia mboga, na basi la kurudi lilikuwa karibu, alafu kusema kweli niliona haya kukiri sabuni nyingine. Nikasema hiki kizima. Yuani 20, nikaondoka.

Jioni ukumbi umejaa, joto limefunguliwa mpaka mwisho, nimekaa kwenye kiti nimeanza vizuri tu, uzi wa nje umesimama kama nguzo. Mstari wa tatu nikasikia uzi wa ndani unashuka. Haukukatika, haukupiga kelele, ulikuwa unashuka tu taratibu kama mtu anayetoka msibani asiage. Nikahamia uzi wa nje peke yake nikaumaliza wimbo juu huko huko, noti za chini nikaziruka, na Wachina wa mstari wa mbele wananiangalia kwa huruma sana.

Kesho yake nikarudi dukani. Shifu aliponiona mlangoni na ile begi hakuuliza kitu, alinyoosha mkono kwenye droo akatoa chaki.