Panya kamla makanga
Mwalimu wa sanaa alitaka picha ya mtaa, bila kununua rangi hata moja. Nikapitia soko la Gikomba, fundi mmoja akanifungia vipande vya kitenge bure. Vifuniko vya soda nikaokota kwa kioski, majani ya chai yaliyokauka yakawa barabara. Gundi? Unga wa ngano na maji, pika mpaka uwe mzito. Unashika karatasi na kitambaa vizuri sana, lakini kifuniko kinadondoka tu. Ikabidi nitoboe kwa msumari, nifunge kwa waya. Saa saba usiku matatu ya kwenye picha ikapata magurudumu.

Asubuhi naamka, panya kamla makanga wangu, yule kondakta wa matatu pichani, na ile gundi, kabaki mkono mlangoni! Nimeipeleka hivyo hivyo. Mama bado anauliza unga wa chapati ulienda wapi.