Moto ama baridi? Nakuru mpaka Amagoro na kadaftari ka bia

Wale wananijua wanajua niko na kadaftari. Ni kadogo, ka mistari, kamekunjika kona zote juu kanakaa mfuko wa nyuma, na kila bia mpya nikionja naandika jina, mahali, kama ilikuwa moto ama baridi, halafu maksi kwa kumi. Tusker moto iko na sita. White Cap baridi sita na nusu, lakini hiyo nusu ni ya mahali nilikuwa nimekaa, si ya bia. Msinicheke, kuna watu wanakusanya stampu.

Sasa kuna jamaa tunafanya kazi pamoja hapa Nakuru, mtu wa kwenda Nairobi kila wikendi, yeye ndiye alinianzishia hii maneno. Aliniletea chupa za bia ya kraft kutoka huko, yaani ya viwanda vidogo, akaniambia huku kwetu tunakunywa tu ile ya kreti, kraft ni Nairobi, kuna Bateleur, kuna 254, huku chini hakuna kitu. Nikafungua moja ya aina wanaita IPA. Wacha niseme ukweli, mdomo wa kwanza nilidhani nimelamba mwarobaini. Baadaye akanieleza huo uchungu ni wa hopsi, yale maua, na kwamba Waingereza zamani walikuwa wanayaongeza kwa bia ya kupelekwa India na meli ndio isiharibike njiani. Chupa ilipofika nusu nikaanza kuielewa, nikaandika saba. Lakini swali likabaki kichwani: hiyo hopsi inatoka wapi? Si hapa. Ule mmea unataka zile siku ndefu za kiangazi cha Ulaya, na sisi wa ikweta jua letu linatoka saa kumi na mbili linazama saa kumi na mbili, mwaka mzima, halibembelezi mtu. Shayiri tuko nayo, panda tu hapo juu Mau Narok uone mashamba, lakini hopsi inakuja na meli. Kwa hivyo bia ya kienyeji nusu yake ni mgeni. Nikamwambia jamaa wacha nitafute yenye haijaona meli.

Bahati nzuri rafiki yangu mwingine alikuwa anapeleka mahari Amagoro, kule Busia karibu na mpaka wa Uganda, kwa Wateso, Jumamosi, na sisi tulikuwa tumealikwa kumsindikiza. Nikaomba Ijumaa ofu nitangulie.

Kabla sijatoka Nakuru nikapitia baa moja, sitaitaja, nikauziwa bia ya chupa yenye tarehe yake ilikuwa imepita miezi minne. Nilivyomwonyesha msichana wa kaunta akaniambia "si hata wewe umepita tarehe na unatembea?" Nilicheka nikalipa, lakini nikaandika sifuri.

Kisumu nikafika saa nane mchana na njaa. Samaki kwanza, pale Dunga ufuoni, hiyo haina mjadala. Jioni binamu yangu akanichukua tukaenda Kondele kwa kegi, ile bia ya pipa, kwa sababu nilimwambia nataka bia ya hapa hapa, na yeye akasema ya hapa hapa ni hii, kiwanda kiko hapa. Na ni kweli. Kile kiwanda cha EABL, wale wa Tusker, kilifunguliwa upya 2019, walisema wameweka bilioni 15, na kazi yake kubwa ni Senator Keg. Kegi yenyewe ilianza 2004, wakati watu walikuwa wanapofuka na kufa na chang'aa yenye methanoli, serikali ikapunguza ushuru ndio maskini apate kitu cha bei yake ambacho hakitamuua. Na inatumia mtama. Shangazi yangu huko Alego aliwahi kuupanda, ule mweupe mfupi wanaita Gadam, na kama hujui shida ya mtama mweupe uliza ndege. Ule mwekundu una ukakasi ndege hawaupendi sana, lakini huu mweupe ni kama umewapikia. Tulikuwa tunatumwa shambani asubuhi kabla chai, na debe na fimbo, unapiga debe unapiga kelele, ndege wanaruka wanakaa mti wa pili wanakuangalia, ukigeuka tu wamerudi. Kwa hivyo nilivyoshika kikombe cha plastiki cha kegi pale Kondele nilihisi wale ndege wananidai kitu.

Ladha sasa? Nyepesi, ina utamu kidogo, povu linaisha kabla hujakaa vizuri. Tano na nusu. Binamu alikasirika, akasema nimemnyima Kisumu maksi, nikaongeza ikawa sita, sitaki vita vya familia.

Asubuhi tukapita njia ya Kakamega. Hapo Khayega dereva alikuwa na mtu wake, tukashuka, tukaingia kwa boma moja nyuma ya shamba la miwa ambapo mama alikuwa anakaanga busaa, ile pombe ya kienyeji ya mahindi. Hapo nilikuwa sijawahi kufika hata siku moja, busaa nilikuwa naijua ikiwa tayari kwa mkebe. Kumbe unga wa mahindi unakandwa, unaachwa siku kadhaa uchachuke, halafu unakaangwa kwa bati kubwa juu ya moto, mama anageuza na koleo, ile ya ujenzi, mpaka unakuwa wa kahawia na unanukia kama mahindi ya kuchoma yaliyokutana na mkate. Halafu ndio unaenda kwa maji na kimea cha wimbi. Kimea ndio siri, wimbi imeloweshwa ikamea ikakaushwa ikasagwa, hiyo ndio inageuza wanga kuwa sukari, na ni kazi ile ile wale watu wa IPA wanafanya na shayiri, tofauti ni kwamba wao wako na mashine na mama ako na gunia.

Dereva ni Mbukusu, akaanza kutuambia vile kwao kijana akitahiriwa, hiyo Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, yeye mwenyewe ndiye anamimina maji kwa ile pombe ya sherehe yake, wanaita khuchukhila. Kwa hivyo pombe inaanza kuchacha na siku zake zinaanza kuhesabiwa pamoja. Nilipenda hiyo. Busaa yenyewe nikapewa kwa mkebe wa Kasuku, nzito kama uji, chachu, chengachenga zinabaki kwa meno. Sita. Mama akaniuliza unaandika nini kijana yangu, wewe ni wa chifu? Nikamwonyesha kurasa zote ndio akatulia. Hofu yake naielewa, sheria ya 2010 iliruhusu pombe za kienyeji lakini na leseni na chupa na masharti ambayo mama wa gunia moja hawezi, kwa hivyo bado wanaishi wakiangalia barabara.

Amagoro tukafika saa saba. Mambo ya mahari yakaenda yalivyoenda, wazee walibishana kuhusu ng'ombe mmoja kwa masaa mawili, mimi sikuwa na sauti hapo. Halafu tukaitwa nje chini ya mwembe, na hapo ndio niliona nilichokuwa natafuta.

Chungu kikubwa kiko katikati, wazee wamekizunguka kwa vile viti vyao vifupi, na kila mmoja ako na mrija mrefu kumshinda, imetumbukizwa kwa chungu kimoja. Hiyo ndio ajon, bia ya wimbi ya Wateso. Mzee mmoja akanisalimia "yoga", akanisogezea kiti, akanipa mrija wa mtoto wake ambaye hakuwepo. Mwisho wa mrija kuna kichujio kidogo kimesukwa, ndio usivute makapi. Nikapewa sheria kabla ya kuguza: usipulize ndani, usichungulie chungu kama unahesabu, na kama mama mkwe wako ako hapo wewe hauna chungu, tafuta kingine. Bwana harusi wetu alikuwa amekaa mbali sana, sasa nikaelewa.

Na ni moto! Sisi tukiulizwa baa moto ama baridi, moto maana yake ni haijaingia friji tu. Hii ni moto wa sufuria. Kuna msichana kazi yake ni birika, kila wakishusha anakuja anaongeza maji yanachemka juu ya ile wimbi, mvuke unapanda, wazee wanatulia kidogo, wanangoja, halafu wanainama tena.

Mdomo wa kwanza ulinichoma ulimi na uchachu ukanifunga taya. Nikaandika tano, nikafunga kadaftari. Mzee akaniangalia akasema, "Umeandika mapema. Hiyo ni ya wenye haraka." Nikanyamaza. Maji ya pili yakamwagwa, na sasa uchachu ulikuwa umerudi nyuma, ladha ya wimbi iliyokaangwa ikatokea mbele, moshi kidogo, kama ukoko wa ugali, na joto linashuka kifuani polepole mpaka unasahau kaupepo ka jioni. Nikafuta tano nikaandika nane. Maji ya tatu, aki sijui nielezeje, ilikuwa laini, utamu umetoka kusikojulikana, na mazungumzo yamefika pale watu wanacheka kabla hadithi haijaisha. Tisa na nusu, na hiyo sijawahi kupea kitu chochote, hata chai ya mama yangu. Maji ya tano ikawa maji tu yenye kumbukumbu. Nne.

Sasa niambieni, hiyo bia nimeipea ngapi? Ukurasa wake umejaa mishale na kufutafuta. Nilimpigia jamaa wa Nairobi usiku huo huo, stima zimepotea, namwelezea, akasema basi niletee chupa moja nionje. Chupa! Nikamwambia hii haina chupa, ukiitoa kwa chungu imekufa, akadhani nimelewa, na hakuwa amekosea kabisa.

Asubuhi nikamfuata mama wa boma jikoni, nikamuuliza kama kuna kitu naweza kubeba. Akaniambia kazi yenyewe inaanza mbali: unga wa wimbi unatiwa maji kidogo unafungwa karibu wiki nzima uchachuke, ndio ukaangwe, ndio uanikwe, na ule uliokaushwa unakaa hata miezi ukisubiri wageni. Akanifungia kilo mbili kwa karatasi ya kaki na kimea kando, akaniambia maji vuguvugu, siku tatu, usifungue fungue. Abiria wote kwa matatu mpaka Mau Summit walikuwa wananusa wanatazamana, kuna mama mmoja akauliza ni nani amebeba njugu zimeungua.

Leo ni siku ya pili. Iko kwa ndoo nyuma ya mlango hapa kwangu Section 58, inafanya sauti kama mtu anachemsha kitu nyumba ya jirani, na jamaa ameshaambiwa aje Jumamosi asibebe kitu. Chungu nimepata sokoni. Birika niko nayo. Mrija ndio sijui nitatoa wapi.