Jinsi tulivyowatambua wazee wa keya makaburini kabla ya Idi

Tangu Idi iliyopita naulizwa na watu wa Pongwe na hata wa Pangani: mliwezaje kujua kaburi lipi ni la nani, mkawazuru wanajeshi wenu wa zamani mmoja mmoja kwa jina? Naandika ili nisirudie maneno, na pia kwa sababu naona fahari, sifichi.

Kwetu ni Tanga, njia ya Pangani, ukishapita Mwambani. Wakati wa vita vya Hitla vijana wa hapa waliingia keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Babu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alipelekwa Bama, ndiyo Myanmar ya leo, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na matope, hadi mto Chindwin. Wenzao waliofia huko bila kaburi kujulikana majina yao yamechongwa kwenye makaburi ya vita ya Taukkyan, nje ya Rangoon (sasa Yangon). Waliorudi, wakalima, wakazeeka na kufa kwenye vitanda vyao vya kamba, ndio waliokuwa wamesahaulika kabisa.

Ushauri wa kwanza niliopewa unaniudhi mpaka leo. Mtu msomi, wa kuaminika, aliniambia niiandikie ile tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita, watakuja kujenga. Tume ile inahusika na waliokufa ndani ya muda uliowekwa, na kwa vita vya pili mwisho ni tarehe 31 Desemba 1947. Wale waliouawa hapa Tanga mjini Novemba 1914, jeshi la Waingereza lililotoka India liliposhuka pwani likapigwa na Wajerumani, hao wamo. Babu yangu kafa miaka ya themanini, hayumo. Ningekaa kungoja jibu, vichaka vingezidi kuota. Mwingine akaja na habari ya mashada ya plastiki. Mwingine akataka marumaru na rangi ya kijani ya jeshi. Maalim wetu akalimaliza hilo kwa upole: "Mwanangu, kaburi usilipandishe. Alama ya kulijulisha yatosha." Nikamshukuru sana, na mfuko wangu nao ukashukuru.

Sasa tatizo lenyewe. Ukisimama pale ulikuwa unaona majani, mashahidi (alama za kaburi) ya mbao yaliyoliwa na mchwa, na mawe ya matumbawe yasiyo na jina. Mimi ni mwanamke, mazikoni kwetu hatuendi, kwa hiyo sikumwona hata mmoja akishushwa. Wazee wa kiume waliochimba wanakumbuka, lakini ukiwakusanya barazani mkubwa akisema neno wote wanaitikia. Nilipowafuata kila mmoja kwake, shikamoo na kahawa kwanza, majibu yakagongana.

Hapo ndipo nikawaendea wajane na mabinti zao. Wanawake ndio wenye makasha, na ndani ya makasha mna hati za kuachishwa jeshi zilizokunjwa mpaka zimekatika, na mna daftari la hitima. Kila nyumba ya kwetu inayo orodha ya marehemu wanaosomewa, na baadhi ya nyumba huandika na tarehe ya kufa, kwa herufi za Kiarabu. Maalim alinisomea yote. Nikapata nani alikufa mwaka gani, mwezi gani, nani alimtangulia na nani alimfuata.

Basi nikarudi kwa wazee na swali jingine. Sikuuliza tena "kaburi la fulani ni lipi?" Niliuliza, "Siku mlipomzika, ardhi ilikuwaje?" Wallahi, wakafunguka! Mmoja akasema, huyo tulimchimbia masika, maji yakawa yanaingia, tukayachota kwa madebe. Mwingine: huyo tulikuta mwamba wa tumbawe mguuni, tukalikunja kaburi kidogo. Mzee wa tatu, ambaye hakuwepo wakati wa mazungumzo hayo, alilitaja kaburi hilohilo lililopinda. Tulipofyeka tukalikuta, limepinda kweli. Palikuwa na kaburi moja la miaka ya sabini lenye tarehe kwenye saruji. Nikalifanya mwanzo wa kuhesabia, nikaufuata mstari kwa mpangilio wa vifo vya daftarini, na lile lililopinda likaangukia palepale linapotakiwa. Nililia mbele ya watu.

Vibao tulivifinyanga wenyewe. Saruji inatengenezwa hapo Pongwe, mfuko ni elfu kumi na kitu kutegemea siku, na mmoja ulitosha vyote na ukabaki. Msichote mchanga wa baharini hata kama uko mlangoni. Una chumvi, kibao kitabanduka. Chukueni wa mtoni. Kaka yangu alikata madumu ya lita tano yakawa kalibu, na jina likaandikwa kwa msumari zege likiwa bado bichi: jina, keya, nchi aliyopigana, mwaka wa kufa. Kibao kinalazwa usawa wa ardhi. Kufyeka kulifanywa na vijana kwa chai na mihogo.

Kuna waliouliza kwa nini tusingoje Siku ya Mashujaa, 25 Julai, inapowekwa ngao na mkuki. Siku ile naiheshimu. Lakini wajukuu wa Dar hawaji Julai, wanakuja Idi. Baada ya sala tulitoa salamu kwa watu wa makaburini, tukasoma Yasini, maalim akaomba dua. Kisha kila mtoto akasimama kwenye kibao alichopewa akakisoma kwa sauti, akamwaga maji na kuweka mrehani. Mzee wetu mmoja aliyepigana vita vya Kagera, aliyeingia Kampala Aprili 1979 na aliyewaacha wenzake wamelala makaburi ya mashujaa ya Kaboya, akapita mstari mzima akiwapigia saluti. Kuna aliyenong'ona kwamba hilo halimo katika dini. Maalim akajibu kwamba dua imeshasomwa, mwacheni mzee awasalimu wakubwa zake.

Mmoja wa wazee wa keya alikuwa Mkristo, Mbondei, amezikwa upande wa Muheza. Huyo tulimwendea Krismasi na familia yake, wakaweka mshumaa na maua ya bustanini, sisi tukapeleka kibao.

Makaburi mawili karibu na mbuyu bado hayana majina. Daftari la nyumba yao lililiwa na mchwa, na binti aliyelijua alihamia Korogwe siku nyingi. Mwenye orodha ya hitima ya miaka ya sitini kwa watu wa njia ya Pangani aipeleke msikitini kwetu kabla ya Ramadhani, maalim ataisoma. Saruji ipo.