Mkopo huharibika siku unapotolewa

Kwa miaka tisa nimekuwa afisa mikopo wa chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Tanga, na kwa muda wote huo swali ninaloulizwa kuliko mengine ni namna ya kuwabana wadaiwa sugu. Huulizwa na viongozi wa vikundi vinavyotaka kuanzisha mfuko wao, huulizwa na wajumbe wapya wa bodi, na mara moja niliulizwa na shemeji yangu katikati ya harusi, sahani ya biriani ikiwa mkononi. Jibu langu halijabadilika, na sijawahi kuona likimridhisha mtu. Mkopo ukishafikia hatua ya kubanana, kazi imekwisha kuharibika zamani, na mara nyingi iliharibika siku ile ile tulipotia saini na kuhesabiana noti mezani.

Sisi tulianza kama wengi walivyoanza, kwa sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, hisa zikinunuliwa kila wiki na mgao ukifanyika mwisho wa mzunguko. Utaratibu huo wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na ambao kwetu umeenea kwa jina la VICOBA, una hekima kubwa, kwa sababu mtu anayekopa anakopa fedha ya jirani aliyekaa naye kwenye mkeka mmoja. Ukomo wake ni kwamba fedha hugawanywa kila mwaka, kwa hiyo fundi seremala anayetaka randa ya umeme na kuilipia kwa miezi kumi na minane hana pa kuingilia. Ndiyo sababu vikundi vyetu viliungana na kuwa SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma katika madaraja manne, vikundi vya kijamii vikiwa daraja la nne na SACCOS daraja la tatu, na kupanda huko si kubadili mhuri tu: kuna leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kuna ukaguzi wa hesabu, na mweka hazina hawezi tena kutunza daftari chini ya godoro. (Wetu alilitunza hapo kweli, na halikuwahi kupotea hata ukurasa mmoja.)

Tulichobeba kutoka kwenye sanduku bila kukifikiria upya ni ile kanuni ya kumkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake. Kanuni hiyo ni rahisi kueleza na ni ngumu kuitumia kwa upendeleo, na kwa chama kichanga inatosha. Lakini inapima jambo moja tu, nalo ni uwezo wa mtu kuweka fedha. Haisemi lolote kuhusu biashara inayokwenda kuubeba mkopo. Mtumishi anayekatwa akiba kwenye mshahara atapata mara tatu bila shida na kuipeleka kwenye ufugaji wa kuku asiowajua, ilhali muuza samaki ambaye fedha yake inazunguka mara mbili kwa siku ataambiwa akiba yake haijafika. Wadhamini nao hawazibi pengo hilo. Wadhamini wawili kila mmoja akimdhamini mwenziwe ni watu wawili walioegemeana kwenye ukuta usiokuwapo.

Niliyajua hayo kwa mdomo tu hadi siku nilipokwenda kukaa gengeni kwa bibi mmoja muuza vitumbua, mwanachama wetu wa tangu enzi za sanduku, aliyekuwa ameomba 800,000 za kuongeza mtaji. Karatasi zake zilikuwa safi na kamati ilikuwa tayari kupitisha. Nilifika saa kumi na moja alfajiri, moto ukiwa umekwisha kushika, nikakaa kwenye kibao na kuhesabu. Hadi saa tatu asubuhi alikuwa ameuza karibu kila kitu, watu walipanga foleni, na kwa macho ya kawaida ile ilikuwa biashara inayolilia mtaji. Jambo lililonishtua ni mkebe wa fedha: ulikuwa mwepesi mno kwa foleni ile. Nilipogeuka nikaona mlango wa stoo nyuma yake umejaa alama za chaki, mistari minne minne iliyokatwa kwa wa tano, kila fungu likiwa na alama yake ya pembeni, kofia, baiskeli, ndoo, kwa sababu bibi hakuandika majina. Ilikuwa mikopo ya wateja. Tulikaa tukaihesabu pamoja, tukakuta mlango ule umebeba fedha nyingi kuliko nusu ya mkopo aliokuwa akiuomba.

Nikamuuliza kwa nini haidai. Akaniambia, “Mwanangu, hao wote ni majirani. Nikiwanyima leo, kesho nitazikwa na nani?”

Sikuwa na jibu, na hadi leo sidhani kwamba swali lile lina jibu la kibenki. Lakini niliona wazi kwamba 800,000 zetu zingepita kwenye unga wa mchele, zikapita kwenye mafuta, zikaishia kwenye mlango ule ule. Tulikubaliana apewe 250,000, na kabla ya kuchukua aweke ukomo wa mistari mitano kwa kila alama, akisingizia chama kuwa ndicho kilichomkataza. Hilo la kusingizia lilikuwa wazo lake, nami nililipenda, kwa kuwa chama kinaweza kubeba lawama ambayo jirani hawezi. Alimaliza kulipa kabla ya muda. Kama angepewa alichoomba, jina lake lingekuwa kwenye orodha ya wadaiwa, na mtu angeniuliza namna ya kumbana.

Tangu hapo hakuna mkopo wa biashara unaofika mezani kwa kamati bila mtu kwenda kukaa kwenye biashara yenyewe walau nusu siku, na si siku moja ya sokoni pekee. Mwenye duka Mgandini hutembelewa siku ya shughuli na siku iliyopoa. Tunatazama daftari la mauzo kama lipo, na kama halipo tunatazama taarifa ya miamala ya simu, stoo, na mali kauli anayodaiwa na wauzaji wa jumla, ambayo watu husahau kuitaja kwa sababu hawaihesabu kuwa deni.

Jambo la pili linaloamuliwa siku ya kwanza ni kalenda ya marejesho, na hapa vyama vingi hukosea kwa uvivu tu, kwa sababu ratiba ya rejesho sawa kila mwezi ndiyo iliyochapishwa kwenye fomu. Fedha ya wafanyabiashara wadogo haiji hivyo. Mama lishe wa Tanga anayepikia mafundi na wapakiaji mchana hufunga au hupunguza masufuria Ramadhani nzima, wakati muuza futari na fundi cherehani ndio kwanza wanakusanya. Mchuuzi wa machungwa anayefuata mzigo Muheza ana miezi ya kujaa na miezi ya kukaa bure, na Januari, mwezi wa sare na madaftari, humkausha kila mzazi bila kujali anauza nini. Ukimpangia mama lishe rejesho kamili Ramadhani, atalileta kweli, maana anaogopa aibu, ila atakuwa amelikopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wenye riba kali, na kuanzia hapo wewe humwoni tena kwenye hesabu zako kama mtu mwenye matatizo. Kwenye daftari lako analipa vizuri hadi siku anapohama mtaa.

Riba nayo inahitaji kusemwa kwa namba, mezani, mbele ya mkopaji. Chukua mkopo wa 1,000,000 kwa miezi kumi kwa asilimia 2 kwa mwezi. Kwa riba isiyopungua analipa 20,000 kila mwezi, jumla 200,000, hata pale anapobakiza deni la laki moja tu. Kwa riba inayopungua analipa 20,000 mwezi wa kwanza, 18,000 wa pili, na kushuka hivyo hadi 2,000 mwezi wa mwisho, jumla 110,000. Tangazo ni lile lile la asilimia 2 na tofauti inakaribia nusu. Sisi tunatumia inayopungua, na ninakiri kwamba inatubana, kwa sababu mkopo wa 200,000 unahitaji safari za ukaguzi zile zile za mkopo wa milioni tano, wala pikipiki haijui kuwa mkopo ni mdogo. Fidia tunaipata kwa kutokuwa na ofisi ya kifahari.

Kisha wapo wanachama wetu, na kwa mji huu si wachache, ambao hawagusi riba kabisa. Kwa miaka kadhaa tuliwaambia kwamba ile ni ada tu, na wao kwa adabu wakanyamaza na kutokopa. Sheikh mmoja alitufafanulia kwamba kubadili jina hakubadili kitu. Sasa kwa anayetaka chombo, tuseme tanuri la mikate, chama hununua tanuri lenyewe, kulimiliki, kisha kumuuzia kwa bei iliyotajwa wazi pamoja na faida yetu, kwa malipo ya awamu, na akichelewa bei haiongezeki. Utaratibu huo, uitwao murabaha, una kazi zaidi ya karatasi, lakini una tabia moja nzuri ambayo sikuitarajia: fedha haiwezi kupotea njiani na kuwa mahari, maana mkopaji hashiki fedha, anashika tanuri.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kuhesabu. Mwaka wangu wa nne, wiki chache kabla ya mkutano mkuu, kulikuwa na mikopo tisa iliyokuwa imekwama, nami nikaiandika upya yote, deni la zamani likafungwa kwenye vitabu na mkopo mpya ukafunguliwa siku hiyo hiyo. Taarifa yangu ilisomeka vizuri na watu walipiga makofi. Kufikia Machi, sita kati ya tisa walikuwa wameacha kulipa kabisa. Kuandika upya deni ni kutoa mkopo, tena mkopo ambao hakuna aliyekwenda gengeni kuukagua, na mimi niliutoa mara tisa kwa mchana mmoja.

Siku hizi tunasoma namba isiyonipa nafasi ya ujanja huo. Tuseme chama kina 40,000,000 mikononi mwa wakopaji, na wanne kati yao wamechelewesha kwa zaidi ya siku 30 rejesho la 100,000 kila mmoja, huku kila mmoja akiwa amebakiza deni la 1,000,000. Ukihesabu marejesho yaliyochelewa unapata 400,000, yaani asilimia 1, na unalala usingizi. Ukihesabu salio lote la watu hao wanne unapata 4,000,000, yaani asilimia 10, na hiyo ndiyo fedha iliyo hatarini kweli. Mkopo ulioandikwa upya tunauweka katika hesabu hiyo hiyo. Namba huandikwa ubaoni kila Jumatatu, mahali ambapo mwanachama anayeleta akiba anaiona.

Huwezi kuyazungumza haya Tanzania bila kutaja asilimia 10 za halmashauri, fedha za mapato ya ndani ambazo sheria inataka zikopeshwe bila riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilieleza mara kwa mara juu ya mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, serikali ikaisimamisha Aprili 2023, na mwaka uliofuata ikairejesha kwa utaratibu mpya. Wengi hulaumu kukosekana kwa riba. Mimi naona kasoro ilikuwa kwamba kikundi kingeweza kuundwa kwa ajili ya fomu, bila kuwahi kununua hisa hata moja pamoja, na kikishagawana fedha kisiwe na sababu ya kukutana tena.

Jumatatu ijayo kamati ina maombi kumi na moja. Manne ni ya majokofu ya kugandisha, maana joto limeingia na kila mtu anataka kuuza barafu na juisi za mifuko. Nimewaomba wote wanne walete risiti zao za LUKU, umeme wa kulipia kabla, za miezi mitatu, kwa sababu nataka kujua umeme wa nyumba huisha siku gani ya mwezi na hukaa umezimwa kwa muda gani kabla ya kununuliwa mwingine. Mpaka leo jioni ni mmoja tu aliyeleta, amezifunga kwa mpira ndani ya bahasha ya kaki.